Mcheza Kwao Hutuzwa

Wazee wetu walisema ya kuwa mcheza kwao hutuzwa. Maana ya neno hili haina fumbo: mtu achezapo ngoma mbele ya watu wake, watu hao humjua, humshangilia, na hutia mkono mfukoni. Mwezi wa Februari, mwaka 2024, vijana wawili wa Tanzania, Fadhili Ramadhani na Ibrahim Jobu, wajulikanao kwa jina la Ramadhani Brothers, walituzwa huko Marekani. Katika mashindano ya televisheni yaitwayo America's Got Talent: Fantasy League walishika nafasi ya kwanza na kupewa dola 250,000. Kazi yao wengi wetu tumeiona: mmoja husimama, na mwenzake hugeuka miguu juu, kichwa chake kikikaa juu ya kichwa cha yule wa chini, pasipo mkono wala kamba ya kumshika, na wakiwa katika hali hiyo hiyo hupanda ngazi. Taifa zima lilifurahi, na lilikuwa na haki ya kufurahi.

Lakini furaha isitufumbe macho. Vijana hawa walituzwa, ila si kwao. Majaji waliowapima walikuwa wageni, watazamaji waliowashangilia walikuwa wa Marekani, na fedha waliyopewa ilitoka Marekani. Sisi tulipata habari. Yatupasa basi kuuliza: nchi ambayo zamani ilikuwa na kikundi cha taifa cha sarakasi, ambayo ilichagua vijana wake na kuwafundisha kwa mpango, ilifikaje mahali pa kungoja wageni watuambie vijana wetu wana thamani gani? Swali hili ni la nchi nzima, lakini leo twaliweka hasa mbele ya wananchi wa Mbeya na Iringa, kwa sababu tutakazozieleza mbele.

Kwanza tukumbuke yaliyopita, maana wako vijana wadhanio kwamba sarakasi ilianza jana katika hoteli za pwani. Mwezi wa Februari, mwaka 1965, Mwalimu Nyerere alizuru Uchina, na nchi zetu mbili zikatia sahihi mkataba wa urafiki. Mwaka huo huo vijana 20 wa Tanzania walipelekwa Uchina kujifunza sarakasi. Hawakwenda kwa wiki mbili kama wajumbe wa semina. Walikaa miaka minne. Waliporudi mwaka 1969 ndipo kilipoundwa Kikundi cha Taifa cha Sarakasi, kikawa pamoja na kile cha ngoma kilichotangulia, na kile cha maigizo kilichofuata.

Mwaka uliofuata, 1970, Wachina na Watanzania walianza kazi ya reli ya TAZARA, ile itokayo Dar es Salaam, ikapita Makambako na Mbeya, ikavuka mpaka Tunduma hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, mwendo wa kilometa 1,860. Makambako siku hizo ilikuwa katika mkoa wa Iringa, kwani mkoa wa Njombe ulikuwa haujazaliwa. Ulizaliwa mwaka 2012. Kwa hiyo watu wa Nyanda za Juu za Kusini wanaujua urafiki ule kwa macho yao: waliona milima ikitobolewa na madaraja yakisimamishwa. Reli ile, pamoja na taabu zake zote, ipo hata leo, na serikali zinahangaika kuifufua, maana kila mtu huona chuma kikishika kutu. Ufundi uliokaa katika mifupa na misuli ya vijana 20 haushiki kutu wala hauonekani ukipotea. Siku mwenye nao anapostaafu, naye hakumrithisha mtu, umekwisha.

Yaliyofuata twayajua. Mwisho wa miaka ya sabini vikundi vya taifa vilivunjwa, na mwaka 1981 kikafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu mwaka 2007 huitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Shabaha ilikuwa njema: badala ya kuwa na wachezaji wachache wa kuonyeshwa kwa wageni wa Serikali, tuwe na walimu watakaoeneza ufundi. Chuo kile kimefanya kazi kubwa, hata baada ya ukumbi wake kuteketea kwa moto mwaka 2002. Lakini chuo kimoja kilichoko kando ya bahari hakiwezi kuwa kisima cha nchi nzima. Sarakasi ikaokolewa kwa sehemu na vikundi vya utamaduni, kama Muungano na Tanzania One Theatre, ambavyo katika onyesho moja vilitoa ngoma, kwaya, vichekesho, taarabu na sarakasi. Humo mwanasarakasi alipata mkate wake. Hata hivyo alikuwa kama bizari katika mchuzi: alitiwa ili chakula kinoge, lakini hakuna aliyekuja kula bizari. Baadaye zikaja hoteli, kisha mawakala wa Ulaya. Na Dar es Salaam ikapata shule ya Mama Africa, iliyoanzishwa na Winston Ruddle, mzaliwa wa Zimbabwe, ambayo imepeleka vijana wengi katika majukwaa ya ng'ambo. Twamshukuru. Lakini tuone pia ya kuwa kazi iliyoanzwa na taifa mwaka 1965 sasa imo mikononi mwa watu binafsi wenye moyo.

Sasa na tutazame nchi ya mbali, ambayo kwa jimnastiki, yaani ndugu yake sarakasi mwenye kanuni na marefa, ina sifa ya siku nyingi. Nchi hiyo ni Ukraine. Katika mji wa Kherson, mwaka 1934, alizaliwa Larisa Latynina. Baba yake alikufa katika vita vya Stalingrad. Mama yake alikuwa mfagizi mchana na mlinzi usiku. Mji wenyewe ulikuwa umetekwa na Wajerumani na kuachwa magofu. Binti huyu alitaka kucheza dansi ya ballet, lakini mwalimu wa dansi akahama, na hapakuwa na mwingine. Shuleni kwake, hata hivyo, palikuwa na mwalimu wa mazoezi ya viungo, jina lake Mykhailo Sotnichenko. Mwalimu huyo akamchukua, akamfundisha. Katika michezo ya Olimpiki ya mwaka 1956, 1960 na 1964 Latynina alipata medali 18, tisa kati yake za dhahabu. Hakuna mtu duniani aliyeifikia hesabu hiyo kwa miaka 48, hata mwaka 2012 ilipopitwa na Michael Phelps, mwogeleaji wa Marekani. Mwaka 1958 alishinda medali tano za dhahabu za ulimwengu akiwa na mimba. Alipoacha kushindana alifanywa mwalimu wa timu ya taifa kwa miaka kumi hivi. Alifariki mwaka 2025, akiwa na umri wa miaka 90.

Tusisome habari hii kama hekaya ya mtu wa ajabu. Tuulize ni nini kilichomkuta Latynina ambacho hakimkuti mtoto wa mfagizi wa Iringa au wa mchukuzi wa mizigo sokoni Mwanjelwa. Si utajiri, maana hakuwa nao. Si amani, maana ametoka katika vita. Kilichomkuta ni mwalimu mmoja, katika shule ya kawaida, katika mji usio mji mkuu, aliyelipwa kwa kazi hiyo. Na nyuma ya mwalimu yule palikuwa na njia: mashindano ya shule, kisha ya jamhuri, kisha ya taifa, na mwisho wa njia palikuwa na kazi ya heshima kwa aliyechoka.

Ukraine hiyo hiyo yatupa na onyo. Illia Kovtun alizaliwa Cherkasy mwaka 2003. Mwaka 2021, akiwa na miaka 18, alipata medali ya shaba ya ulimwengu katika mashindano ya jumla ya vyombo vyote. Mwaka 2022 vita vikubwa vikaikumba nchi yake, naye akaendelea na mazoezi yake nchini Croatia. Katika Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024 aliiletea Ukraine medali ya fedha katika vyuma sambamba. Mwaka mmoja baadaye alihamia upande wa Croatia. Sisi hatumhukumu kijana aliyekulia katika vita. Twasema tu ya kwamba maisha ya mchezaji wa viungo ni mafupi mno. Mwanamke haruhusiwi kushindana na wakubwa kabla ya mwaka atimizao miaka 16, na mwanamume kabla ya mwaka atimizao 18; na wengi huwa wameacha kabla ya miaka 30. Kijana mwenye saa chache hukaa palipo na mwanga. Ikiwa hata taifa lenye mizizi mirefu kama ile laweza kumpoteza kijana wake mwenye medali shingoni, sisi tusio na mizizi tutamshika nani?

Na asitokee mtu wa kusema ya kuwa michezo hii ni ya Wazungu na Wachina. Paris hiyo hiyo Kaylia Nemour wa Algeria, msichana wa miaka 17, alishinda medali ya dhahabu katika vyuma viwili visivyolingana kimo, akawa Mwafrika wa kwanza kupata medali ya Olimpiki katika jimnastiki. Afrika nzima ilijivunia, nasi pia. Ila Nemour alizaliwa na kufundishwa Ufaransa. Bendera ilikuwa yetu, vyombo vilikuwa vya wengine. Mambo mawili yadhihirika hapo: kwamba damu ya Kiafrika haina upungufu wowote katika kazi hii, na kwamba upungufu wetu ni wa walimu na vyombo.

Twaja sasa Mbeya na Iringa. Mtu apitaye jioni katika mitaa ya miji hii huweza kuwaona watoto wakifukia nusu ya tairi kuukuu la gari, wakaja mbio, wakalikanyaga, wakajirusha na kubinuka hewani. Hakuna aliyewafundisha. Wamejionea wenyewe katika simu za kaka zao. Wapita njia husimama, hucheka, huwapigia makofi, kisha huenda zao. Mtoto wa miaka minane afanyaye hivyo juu ya udongo mkavu ana ujasiri ambao mwalimu hawezi kuutia; lakini mbinu ya kuanguka hana, na godoro hana. Siku atakayoanguka kwa shingo, makofi yale hayatamsaidia. Hii ndiyo hali tunayoiita kutothamini kipaji: kipaji tumekiona, tumekifurahia, na tumekiacha kijivunje chenyewe.

Tutaulizwa kwa nini tusingoje mpaka Dar es Salaam ianze. Jibu letu ni kwamba mikoa hii ina vitu vitatu ambavyo si kila mkoa unavyo. Cha kwanza ni walimu na vyuo vya kuwafundishia. Chuo cha Ualimu Kleruu kiko Iringa. Mpuguso kiko Rungwe. Mtaala mpya wa elimu ya msingi, ulioanza kutumika mwaka 2024, umetaja michezo na sanaa kuwa masomo ya darasani, si mambo ya kupotezea muda saa ya mwisho. Basi mwalimu atokaye vyuo hivi na ajue walau mambo matano: kumpasha mtoto mwili moto katika baridi ya Juni na Julai, kumfundisha kubiringika, kumfundisha kusimama kwa mikono, kumshika anapobinuka, na kumzuia asiyekuwa tayari.

Cha pili ni vifaa. Watu husikia neno jimnastiki wakaona mbele yao ukumbi wa vioo wa mamilioni ya fedha. Lakini kabla ya magodoro ya sponji kuenea duniani, warukaji wa nchi nyingi waliangukia mashimo yaliyojazwa mchanga na maranda ya mbao. Mufindi kuna Sao Hill, shamba la miti lililo kubwa kuliko mashamba yote ya Serikali, na viwanda vya mbao vya Mafinga vina malundo ya maranda. Mbarali na Kyela kuna pumba za mpunga. Shimo la maranda lenye kuchambuliwa vizuri lisiwe na vipande vya mbao wala misumari, magunia yaliyoshindiliwa na kushonwa, boriti moja iliyopigwa randa na kuwekwa karibu na ardhi: hivi vyatosha kumwanzisha mtoto. Hatusemi vyatosha kumfikisha Olimpiki. Mtoto akianza kupaa juu, sharti apate godoro la kweli na chombo cha kweli, wala hapo pasiwe na ubahili. Lakini hatua ya kwanza haina gharama ya kuitisha kikao cha wafadhili.

Cha tatu ni umbali wenyewe. Kijana wa Mbeya atakaye sarakasi hana budi kupanda basi kwenda Dar es Salaam, mwendo wa kilometa 800 na zaidi, akaishi kwa jamaa au kwa rafiki, mbali na mama yake na shule yake. Aendaye hivyo mara nyingi ni kijana wa kiume aliyekwisha kukomaa. Msichana haendi, wala mtoto wa miaka sita haendi, na huyo ndiye hasa atakiwaye, maana samaki hukunjwa angali mbichi. Pasipo mahali pa kufundishia karibu na nyumbani, hesabu imekwisha kabla haijaanza.

Zipo hoja za kutupinga, nazo si za kupuuza. Tutaambiwa: watoto wengine hukaa wanne katika dawati moja, nanyi mwataka mashimo ya kurukia? Sisi hatutaki dawati hata moja liuzwe. Twasema ya kuwa mwalimu yumo tayari shuleni, kipindi kimo katika ratiba, na maranda yapo. Kinachokosekana ni uamuzi. Tutaambiwa tena: katika watoto mia labda hatatoka hata mmoja wa kupata medali. Kweli. Lakini wote mia watakuwa na migongo iliyonyooka, watajua kuanguka bila ya kuvunjika, na watakuwa wamejifunza ya kuwa jambo gumu hufanywa kwa kurudiwa mara elfu. Shule ya Kherson haikujengwa kwa ajili ya medali. Medali zilikuja kwa kuwa shule ilikuwapo.

Wako na wazazi wasemao kwamba sarakasi ni kazi ya wahuni. Kwa hao twasema kwa heshima: mhuni hawezi kusimama kichwa juu ya kichwa cha mwenzake. Kazi ile yataka mtu asiyelewa, alalaye mapema, na mwenye kuaminiwa na mwenziwe kuliko ndugu. Lakini wazazi wa mabinti wana haki ya kuuliza ni nani atakayewashika watoto wao na mbele ya macho ya nani. Duniani kote, hata katika nchi kubwa, wamegunduliwa walimu na madaktari waliowatendea maovu wasichana wa michezo hii. Kwa hiyo mafunzo yafanyike mahali pa wazi, mwalimu wa kike awepo, na mzazi awe na ruhusa ya kuingia saa yoyote.

Kisha liko jambo la sheria, ambalo pengine ndilo gumu kuliko yote. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na Baraza la Sanaa la Taifa kwa sheria ya mwaka 1984. Jimnastiki ni mchezo, sarakasi ni sanaa. Na mtoto yule wa kwenye tairi afanya vyote viwili kwa mara moja. Yatima hukosa kula si kwa kuwa hana jamaa, bali kwa kuwa kila jamaa adhani amekula kwa mwingine. Yafaa mabaraza haya mawili yakae meza moja, yaamue ni nani mlezi wa nini. Na kijana wa miaka 19 aletewapo mkataba wa kwenda ng'ambo, karatasi zilizoandikwa kwa lugha ya kigeni asiyoielewa vizuri, pawepo ofisi ya kumsomea, kumweleza mshahara wake ni kiasi gani, ni nani atakayemtibu akivunjika, na ni nani atakayemrudisha nyumbani. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Watu wanaotumia miili yao kuwa zana ya kazi wasiwe wa mwisho kuingizwa humo.

Mwisho, twatoa shauri, wala si shauri kubwa. Halmashauri ya Jiji la Mbeya na ya Manispaa ya Iringa kila moja na ichague shule moja ya msingi, imtafute mwalimu mmoja mwenye moyo, ichimbe shimo moja, na iombe Bagamoyo impeleke mkufunzi wakati wa likizo. Wanasarakasi wetu waliorudi kutoka ng'ambo, ambao magoti yao yamechoka lakini vichwa vyao vimejaa maarifa, waajiriwe kwa mkataba hata kama hawana vyeti vya chuo, maana cheti chao kimo mwilini. Baada ya mwaka mmoja watoto wa Mbeya na wa Iringa wakutanishwe Makambako, penye njia panda ya reli na barabara, waonyeshane walichojifunza mbele ya wazazi wao. Kiingilio kisiwepo. Mtoto atakayefanya vizuri siku hiyo, mzee wa mtaa na asimame, aende akamtuze, hata kama ni shilingi elfu moja, na jina lake liandikwe katika daftari la shule pamoja na la mwalimu wake.